Ganda la korosho, ukakasi wa bibo na weusi wa mpingo: kemikali za ukoo mmoja

Mbanguaji wa korosho anayefanya kazi bila glavu hujulikana kwa mikono yake. Ngozi ya vidole huwa na madoa meusi, mahali pengine imebabuka, pengine imechubuka na kuota upya. Ukikata muhogo uliochimbwa juzi, ndani utakuta michirizi ya buluu iliyokolea. Ukitafuna bibo ambalo halijaiva vizuri, ulimi unakauka na koo linakwaruza. Ukipasua gogo la mpingo kutoka misitu ya Kilwa, chini ya tabaka jembamba lenye rangi hafifu kuna kiini cheusi ambacho mchwa hawakiwezi.

Watu wa Mtwara na Lindi, mikoa ya kusini mwa Tanzania, wanaishi na mambo haya manne kila mwaka, na ni nadra kusikia yakitajwa kwa pamoja. Chanzo chake ni kundi moja la kemikali, kampaundi za fenoli. Naandika kwa sababu naamini mkulima wa Tandahimba, mchongaji wa Newala na mama anayebangua korosho Masasi wana haki ya kulielewa kundi hili kwa lugha yao. Linagusa kipato chao na linagusa ngozi zao.

Fenoli ni nini

Atomi sita za kaboni zimeshikana hadi zikafunga duara. Kwenye kaboni mojawapo imeshikizwa oksijeni, na oksijeni hiyo imebeba haidrojeni moja. Hiyo ndiyo fenoli yenyewe, ndogo kuliko zote. Mkemia Mjerumani Friedlieb Runge aliipata mwaka 1834 kwenye lami ya makaa ya mawe, na mwaka 1865 daktari mpasuaji Joseph Lister, akiwa Glasgow, alianza kuitumia kuzuia vidonda visioze. Mimea haina haja kubwa na fenoli tupu. Hutengeneza molekuli kubwa zaidi zenye duara hilohilo, moja au mengi, na juu yake hupachika mikia na matawi ya kila namna. Zilizotambuliwa mpaka sasa ni zaidi ya 8,000.

Nguvu yake iko kwenye ile haidrojeni ya mwisho. Inang'oka kirahisi, maana duara lina uwezo wa kuisambaza elektroni inayobaki na kutulia nayo. Ndiyo maana fenoli huweza kuzima kemikali kali zinazoharibu mafuta na seli. Lakini fenoli ikishapoteza haidrojeni zaidi ya moja, hugeuka kuwa kitu kingine kiitwacho kwinoni, na kwinoni haitulii: hushika protini yoyote iliyo karibu na kung'ang'ania hapo. Aidha, duara lenyewe hufyonza miale ya urujuanimno ya jua, ile inayounguza. Mmea hauwezi kukimbia mdudu, wala kuhamia kivulini saa saba mchana. Unachoweza ni kutengeneza kemikali, na hizi ni miongoni mwa zile unazozitegemea zaidi.

Kutoka sukari hadi duara

Jua linapopiga jani, mmea hutengeneza sukari kwa usanisinuru. Sehemu ya sukari hiyo huvunjwa, na kati ya vipande vinavyopatikana kuna viwili vinavyotuhusu: kimoja kina kaboni tatu, fosfoenolipiruvati, na kingine kina kaboni nne, eritrosi fosfati. Kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kemikali kwenye seli, huviunganisha kuwa mnyororo wa kaboni saba. Hatua zinazofuata huukunja mnyororo huo mpaka kaboni sita zifunge duara, na moja ibaki ikining'inia pembeni.

Katikati ya safari hiyo hupatikana asidi ya shikimiki. Jina limetokana na mmea wa Japani uitwao shikimi, ambao mkemia Mholanzi Johan Fredrik Eijkman aliipata ndani yake mwaka 1885. Ilichukua miongo mingi baada ya hapo kutambua kwamba asidi hiyo, iliyodhaniwa kuwa ya mmea mmoja tu, imo katika njia kuu ya mimea yote. Njia hiyo ina hatua saba hadi kufikia asidi ya korisimiki, na kutoka hapo hupatikana asidi za amino (matofali ya kujengea protini) tatu zenye duara. Iliyo muhimu kwetu hapa inaitwa fenilalanini.

Binadamu na wanyama hawana njia hii kabisa. Fenilalanini tuliyo nayo mwilini tumeila, iwe kwenye kunde, samaki au ugali. Mimea, kuvu na bakteria wengi wanayo, na hapo ndipo dawa ya magugu iitwayo glifosati inapofanya kazi: inakaba kimeng'enya cha hatua ya sita, mmea unakosa asidi hizo za amino, na ndani ya siku chache unanyauka. Wapo wauzaji wanaotumia maelezo haya kumhakikishia mkulima kuwa dawa haina madhara kwa mtu. Hoja hiyo haitoshi. Kukosa njia hiyo hakumkingi mtu na madhara ya aina nyingine, na kwenye utumbo wetu wapo bakteria walio nayo. Mask na glavu wakati wa kupulizia ni lazima.

Baada ya fenilalanini inakuja hatua ambayo ningependa msomaji aikumbuke kuliko nyingine zote. Kimeng'enya kilichoelezwa mwaka 1961 na watafiti Koukol na Conn, kwa kifupi PAL, huiondolea fenilalanini naitrojeni yake katika umbo la amonia. Kinachobaki ni asidi ya sinamiki: kaboni, haidrojeni na oksijeni tu. Amonia haipotei, mmea huikusanya na kuitumia tena. Kwa mti unaokua kwenye udongo wa kichanga wa Kusini, wenye naitrojeni kidogo na jua jingi, hii ni biashara nzuri. Kaboni inatoka hewani bila kikomo, naitrojeni inarudi ghalani, na silaha imepatikana.

Asidi ya sinamiki huongezewa oksijeni ikawa asidi ya kumariki, na hapo pana njia panda. Abiria anayetoka Dar es Salaam akifika Mnazi Mmoja mkoani Lindi, gari lake ama linashika njia ya Mtwara ama linaelekea Masasi. Molekuli ya kumariki nayo ikifika hapa huelekea kwenye mbao au huelekea kwenye rangi na tanini, na kinachoamua ni vimeng'enya vilivyopo kwenye seli hiyo kwa wakati huo.

Upande wa mbao

Zikielekea kwenye mbao, molekuli hizi hugeuzwa kuwa alkoholi na kusukumwa nje hadi kwenye ukuta wa seli. Huko vimeng'enya vinazing'oa haidrojeni, na zikishapungukiwa hivyo hushikana zenyewe kwa zenyewe, huku na kule, mpaka zifanye wavu mgumu uitwao lignini. Selulosi, zile nyuzi za kuta za seli, peke yake haisimamishi mti. Lignini ndiyo inayouimarisha ukuta, inayozuia maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi yasivuje njiani, na inayowachosha kuvu wanaotaka kuozesha mbao. Kwa wingi, hakuna kitu kinachotengenezwa na mimea kinachoizidi isipokuwa selulosi.

Wakati mwingine molekuli mbili tu hushikana, tena kwa mpangilio maalumu, na kinachopatikana huitwa lignani. Ufuta wa Lindi umejaa hizo, hasa sesamini na sesamolini. Ukikaanga ufuta kabla ya kukamua, sesamolini huvunjika na kutoa sesamoli, fenoli ndogo yenye nguvu ya kuzuia mafuta yasichache. Ndiyo sababu mafuta ya ufuta hukaa muda mrefu bila kunuka.

Upande wa rangi na tanini

Njia ya pili huongeza duara jingine. Kumariki inaungana na vipande vitatu vidogo, kila kimoja kikichangia kaboni mbili, na kaboni hizo sita zikikunjwa zinakuwa duara la pili. Zao hili ni flavonoidi. Baadhi hukaa kwenye ngozi ya jani na kufyonza miale mikali kabla haijafika ndani. Baadhi ni antosiyanini, rangi nyekundu inayoonekana kwenye majani machanga ya mkorosho na kwenye mabibo mekundu.

Mizizi nayo hutumia flavonoidi, na mbaazi ni mfano mzuri. Mizizi ya jamii ya kunde hutoa flavonoidi kwenye udongo, bakteria wa rizobia wakazitambua, wakaamsha jeni zao na kuja kujenga vinundu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani. Mbaazi ina jingine tena. Mwaka 1990 watafiti waliofanya kazi India walionyesha kwamba mizizi yake hutoa asidi ya pisidiki, nayo ni ya ukoo wa fenoli, ambayo hushika madini ya chuma kwenye udongo na kuiachia huru fosforasi iliyokuwa imefungwa nayo. Mkulima wa Nachingwea anayepanda mahindi msimu unaofuata kwenye shamba lililokuwa na mbaazi anafaidi kazi hiyo, hata kama hakuwahi kusikia jina la asidi hiyo.

Flavonoidi zikiungana kwa wingi huwa tanini. Magome ya mikoko ya pwani yana tanini nyingi kiasi kwamba yalivunwa kwa miaka mingi kwa ajili ya kutengenezea ngozi za wanyama: tanini hushika protini za ngozi na kuzifunga zisioze. Ukakasi wa bibo unatokana na jambo lilelile, safari hii likitokea mdomoni. Mate yana protini zinazoulainisha ulimi. Tanini ikiingia, inazishika, zinaganda, na utelezi unapotea. Kwa hiyo ukakasi ni mguso, wala haumo katika ladha kama ulivyo utamu au uchachu, na ndiyo maana kuongeza sukari hakuuondoi. Kinachosaidia ni kuipa tanini kitu kingine cha kushika. Ukichanganya maji ya wali au wanga wa muhogo uliopikwa kwenye juisi ya bibo, tanini hujishika humo na kutuama chini. Unachuja, unabaki na juisi laini. Kila msimu mabibo mengi yanaozea chini ya mikorosho, mengine yakiishia kwenye uraka, pombe ya mabibo, wakati tunda hili lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Kwangu mimi huo ni upotevu unaouma, kwa sababu kizuizi kikubwa ni kemikali inayoondolewa kwa chombo na kitambaa cha kuchujia.

Tanini iko pia kwenye chai. Chai inayonywewa pamoja na chakula hushika madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani na kuyazuia yasifyonzwe vizuri. Mama mjamzito aliyeambiwa kliniki kuwa damu yake imepungua afadhali anywe chai saa moja au mbili baada ya kula, na pamoja na chakula ale tunda lenye vitamini C.

Muhogo ukijeruhiwa

Kuna fenoli zinazokaa tayari na kuna zinazotengenezwa baada ya jeraha. Muhogo unaonyesha aina ya pili waziwazi. Unapoung'oa unaukata kwenye shina, unauchubua, na hewa inaingia. Seli za karibu na jeraha hugundua hatari, PAL inaanza kazi kwa kasi, na ndani ya saa 24 hadi 72 hujilimbikiza fenoli iitwayo skopoletini. Yenyewe haina rangi ya kuonekana kirahisi, lakini chini ya taa ya urujuanimno hung'aa buluu. Kimeng'enya peroksidasi kikiichanganya na haidrojeni peroksidi, inageuka kuwa ile michirizi ya buluu nyeusi kwenye mishipa ya muhogo. Yaani mmea umejaribu kujitibu na soko likauona umeharibika. Muhogo hauna njia nzuri ya kufunga ngozi mpya juu ya jeraha baada ya kuchimbwa, kwa hiyo kengele hiyo huendelea kulia mpaka mzizi wote unaharibika. Kumenya na kukausha mapema kuwa makopa kunasaidia, kwa sababu seli zisizo na maji haziwezi kuendesha vimeng'enya.

Weusi wa mpingo

Mti mkubwa hauhitaji shina lake lote lipitishe maji. Sehemu ya nje ndiyo hai. Kadiri mti unavyonenepa, seli za ndani hufikia mwisho wake, na kabla ya kufa hutumia akiba ya wanga kutengeneza fenoli nyingi na kuzimwaga kwenye mbao zinazozizunguka. Hivyo ndivyo kiini kinavyozaliwa. Kwenye mpingo kazi hii imefanywa kwa kiwango cha pekee: kiini ni cheusi, kina mafuta, na ni kizito hadi kinazama kwenye maji. Sifa hizo zimeufanya mpingo utafutwe na mafundi wa klarineti na oboi huko Ulaya, na zimewapa wachongaji wa Kimakonde mbao inayoshika kila mkato bila kupasuka.

Miti ya jamii ya mpingo hutunza kwenye kiini kwinoni ziitwazo dalbergioni, na vumbi lake linaweza kuamsha mzio wa ngozi na kuwasha njia ya hewa. Mchongaji anayepiga msasa ndani ya chumba kisicho na dirisha anavuta kemikali ambayo mti uliitengeneza ili kuwaua walaji wake. Avae barakoa, afanyie nje, na apanguse vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kulipuliza.

Korosho ilikuja kwa njia nyingine

Mkorosho asili yake ni Brazili, na Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki karne ya 16. Ganda la korosho lina vijishimo kama masega, na ndani yake kuna mafuta ya kahawia. Yakikamuliwa bila moto, sehemu kubwa ni asidi ya anakadiki, ikifuatwa na kadoli na kadanoli kidogo. Zote ni fenoli. Lakini duara lake halikupitia shikimiki. Mti ulianza na asidi ya mafuta ya kaboni 16, ukaongeza vipande vitatu vya kaboni mbili mbili, ukaukunja mwisho wa mnyororo. Hesabu inakubali: kaboni 22, sita za duara, moja ya asidi, na 15 za mkia.

Mkia huo ndio unaoleta maumivu. Fenoli za kawaida hupenda maji kwa kiasi fulani; hizi zina mkia wa mafuta, kwa hiyo hupenya mafuta ya ngozi bila shida. Zikishaingia, baadhi hugeuzwa kuwa kwinoni na kushika protini za mwili. Kinga ya mwili haizitambui tena protini hizo kuwa zake, inazishambulia, na siku moja hadi tatu baadaye malengelenge yanatokea. Kadoli ina duara lenye oksijeni mbili na ndiyo kali zaidi. Mkorosho ni ndugu wa mwembe, na utomvu wa embe unaowababua midomo baadhi ya watu una kemikali za aina hii. Ndugu mwingine ni mti wa Japani unaotoa urushi, vanishi inayong'arisha vyombo vya mbao, ambayo nayo huwababua mafundi wake.

Kwa hiyo mikono ya mbanguaji haijaharibika kwa uzembe wala kwa bahati mbaya. Mafuta haya hayatoki kwa maji matupu. Yanahitaji sabuni, na mapema. Mafuta ya nazi au ya nyonyo yakipakwa kabla ya kazi, na majivu yakitumika kushikia, hupunguza mguso, ila glavu inazidi vyote. Kiwanda au mfanyabiashara anayempa mtu korosho abangue bila glavu anajua matokeo yake. Anayechoma korosho nyumbani akae upande unaotoka upepo, kwa kuwa moshi hubeba kemikali hizo hadi machoni na kwenye mapafu.

Moto unafanya jambo jingine. Asidi ya anakadiki ikipashwa sana hupoteza kaboni yake ya asidi ikitoka kama hewa ya ukaa, na kinachobaki ni kadanoli. Hii ndiyo inayotakiwa na viwanda. Ikiunganishwa na formaldihaidi inakuwa gundi ngumu; ikisagwa baada ya kuganda inaingia kwenye vitambaa vya breki za magari, kwa sababu haibadiliki hovyo kwenye joto; inaingia pia kwenye rangi za kuzuia kutu za meli na mabomba. Na mafuta ya ganda yanaweza kupakwa kwenye nguzo kuzuia mchwa.

Ganda huchukua takriban sehemu saba kati ya kumi za uzito wa korosho ghafi, na mafuta hufika robo ya uzito wa ganda au zaidi. Tani moja ina basi kilo zipatazo 175 za mafuta hayo, au zaidi. Sehemu kubwa ya korosho za Mtwara na Lindi huuzwa ghafi kwenye minada ya vyama vya ushirika na kupakiwa melini kwenda India na Vietnam zikiwa na maganda yake. Ghalani daraja lake hupimwa kwa unyevu na kwa korosho karanga, yaani kiini kilichobanguliwa, inayotarajiwa kupatikana. Mafuta ya ganda hayamo kwenye kipimo hicho.